Mayai Yasiyo na Tundu

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na shida utasema kaka yako hana adabu. Hapa nyumbani tuko wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyooka. Ulimi wake, kama unavyomjua, hauna maradhi yoyote. Binti yetu mdogo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Wifi yako Fundi anakusalimu sana. Cherehani yake ilikatika mkanda, nimeufunga kwa ngozi ya kiatu changu cha zamani, inapiga kelele lakini inashona.

Usiniambie nipige simu. Simu pekee inayoshika huku ni ya dukani kwa Bomba, na nikiongea pale duka zima linatega sikio. Vumilia mwandiko wangu.

Sasa lililonileta. Mwaka jana viwavi walitutenda vibaya, unajua. Walikaa ndani ya moyo wa mhindi wakala wakashiba, tukavuna mabua. Mwaka huu nimepanda shamba lote, mahindi yametoka juzi, na nondo wameshaanza kutua ukutani. Bomba, yule jirani anayeuza dawa na kupita mashambani na bomba lake mgongoni, amekuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wakulima. Mbele ya kaya kumi na mbili akasema kila mtu apulize siku moja, na asiyepuliza huyo anafuga viwavi wa kuwala wenzake.

Nikasimama. Nikawaambia mdogo wangu anafanya kazi kwenye nyumba ya kufugia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, kiwavi asizaliwe kabisa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. "Sisi tunaua wadudu, Profesa anawafuga!" Profesa ndiyo wewe, siku hizi huna jina lingine huku. Damu ikanipanda, nikasema mimi sipulizi, na mtaona.

Nimeshasema, mdogo wangu, siwezi kulimeza. Kaya nne zimeniambia zinasubiri kuangalia shamba langu. Niletee hao nyigu. Niliacha shule ili wewe uendelee na sijawahi kukudai hilo hata siku moja. Leo pia sidai, naomba tu.

Kaka yako


15 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mwambie Mama asifunge goti kwa kitambaa cha kubana, damu haipiti. Mwambie mwenye mapengo shangazi yake pia alikuwa nayo na hakufa. Kwa wifi salamu nyingi; gauni alilonishonea bado nalivaa kazini na watu wananiuliza nimelinunua wapi.

Hapa kwetu kazi ni nyingi. Nyumba ya kufugia ina vyumba vitatu. Cha kwanza ni cha nondo wa nafaka, tunawafuga kwa ajili ya mayai tu. Tunayakusanya kwa brashi laini na kuyabandika kwenye vipande vya kadi kwa gundi. Chumba cha pili ni changu, na ufunguo tunao mimi na bosi. Humo ndimo mna nyigu. Usiwaze wale wanaouma. Hawa ni wadogo sana, mmoja akitua mwisho wa sentensi hii utadhani nukta imetembea. Jike hutoboa yai la nondo na kutaga la kwake humo ndani. Yai hugeuka jeusi. Baada ya siku chache hatoki kiwavi, anatoka nyigu, anaacha tundu dogo la duara, na anaruka kutafuta mayai mengine. Shambani kwako hayo mayai mengine ni ya adui yako. Tangu nishike chumba hiki hatujapoteza kadi hata moja, na bosi anapenda kulitaja hilo mbele ya wageni.

Nitakutumia kadi thelathini kwa kondakta wa basi. Zikifika, zilale usiku mmoja tu ndani, mahali pa ubaridi. Asubuhi mapema uzifunge chini ya majani, hatua kumi toka kadi hadi kadi. Baada ya siku tatu nne mwombe wifi azitazame, yeye ana macho ya kutunga uzi. Akiona vitundu, kazi imeanza. Na usipulize chochote. Dawa ya Bomba haiulizi nani mwema nani mbaya. Sisimizi, buibui, nyigu, wote inawafagia, na kiwavi aliyejificha ndani ya moyo wa mhindi anabaki anacheka.

Zitafika kabla ya tarehe ishirini na mbili, naweka jina langu hapo.

Kuhusu shule, umelitaja wewe, sikulitaja mimi.

Mdogo wako


28 Machi

Kaka,

Salamu kwa wote. Kadi ni hizi, thelathini kamili, nimemkabidhi kondakta mkononi. Zimechelewa siku sita kwa shughuli za ofisini. Zifunge kesho asubuhi bila kukosa.

Siandiki mengi, basi linapiga honi. Dawa ya goti la Mama nitaitafuta.

Mdogo wako


13 Aprili

Mdogo wangu,

Kwetu wazima, isipokuwa Mama ameamua kuwa mimi nimekonda na kila mtu anayepita anaulizwa kama haoni. Mwenye mapengo amejifunza kupiga mluzi kupitia lile tundu, hatulali mchana.

Kadi zilifika salama na nilizifunga kama ulivyoagiza. Nilihesabu hatua kumi kumi kama askari anayelinda benki. Watu walisimama barabarani kuniangalia. Mmoja akaniuliza kama nafunga hirizi, nikamwambia ndiyo, ya kukufukuza wewe.

Siku ya nne Fundi akazitazama. Akasema bado. Siku ya saba akazitazama tena, akasema, "Mayai meusi, lakini hayana tundu hata moja." Siku ya kumi akachukua kadi moja, akaiweka kwenye kitambaa cheupe juani, akaitazama kama anatafuta uzi uliokatika. Akasema, "Hawa wamekufa. Walikufa kabla ya kuja." Nikamwambia wewe ni mshona nguo, usimfundishe mdogo wangu kazi yake.

Kisha akanipeleka shambani kunionyesha mambo yake. Kila asubuhi kabla ya kukaa kwenye cherehani anaokota viwavi kwa mkono. Wengine anawaacha makusudi. Wana vifuko vyeupe mgongoni kama punje za mchele, anasema hao tayari wana mgeni ndani na hawatafika mbali. Akanionyesha na sisimizi weusi wakimburuta kiwavi mkubwa kuliko wao wote kwa pamoja. Anasema tukipaka mafuta kidogo ya kupikia kwenye mashina ya mahindi, sisimizi watapanda wengi. Nimemwambia tusubiri barua yako. Hatuwezi kuchanganya utaalamu na mambo ya jikoni.

Viwavi wameanza. Majani yana madirisha. Niambie ni kawaida hivyo, au kuna nini? Kama kuna kadi nyingine zitume.

Kaka yako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Wote wazima. Sijapata jibu.

Mahindi yamefika kiunoni na ndani ya moyo wa kila mhindi mna kinyesi kama unga wa mbao. Kaya mbili kati ya zile nne zimeshapuliza, wameniambia samahani. Mkutano wa kikundi ni tarehe kumi mwezi ujao na Bomba ameanza kuniita Profesa Msaidizi. Fundi ananiuliza kila asubuhi kuhusu yale mafuta na kila asubuhi namjibu tusubiri. Sasa hata haniulizi, ananiangalia tu.

Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako


2 Mei

Kaka yangu,

Nawasalimu wote, na samahani kwa ukimya. Barua zako mbili zimenifikia pamoja, na hapa kulikuwa na mambo ya hapa na pale. Dawa ya goti nimeipata, inakuja na barua hii. Apake asubuhi na jioni, asile, maana namjua.

Nimelifikiria suala lako kitaalamu. Nyigu kufia ndani ya yai si jambo la ajabu. Adui yao mkubwa ni joto. Wakikaa saa chache tu kwenye chumba chenye joto kali, hufa wakiwa wamekamilika kabisa, na yai hubaki jeusi, zima, bila tundu. Kwa hiyo wifi hakukosea kuona alichokiona. Swali ni lilitokea wapi. Kadi zililala wapi ule usiku? Palikuwa na jiko karibu, au kitu chochote cha moto? Fikiri vizuri.

Hayo mafuta na sisimizi siyapingi, ila si fani yangu, sitaki kusema nisilolijua. Kadi nyingine kwa sasa hazipo.

Usivunjike moyo. Mambo haya hutokea.

Mdogo wako


16 Mei

Mdogo wangu,

Mama anashukuru kwa dawa. Amepaka na anasema inanuka kama kazi ya serikali.

Nimefikiri vizuri kama ulivyoniagiza. Ni pasi. Jioni ile kadi zilipofika, Fundi alikuwa na sare sita za wanafunzi za kupeleka asubuhi, akawasha pasi ya mkaa na kupiga pasi chumba kile kile. Kadi zilikuwa juu ya rafu, hatua tatu toka mezani kwake. Nilipomuuliza akasema dirisha lilikuwa wazi, na yeye mwenyewe hakutoka jasho, sembuse rafu. Akasema tena lile neno lake, kwamba walikufa kabla ya kuja. Nikamwonyesha barua yako. Akaisoma akauliza, "Mbona wifi anauliza joto la kwetu tu, la kwao haulizi?" Hapo nilipandwa na hasira, maana nilimwona anakutafutia ubaya ili ajisafishe.

Tarehe kumi kwenye mkutano Bomba aliniuliza mbele ya watu nyigu wako wapi. Nikasema. Nikasema ni mke wangu aliyewaua kwa pasi yake. Watu waligeuka wakamtazama, alikuwa nyuma pale na wanawake wenzake. Nilisema na neno jingine ambalo Mama ameniambia nisikuandikie, basi sikuandikii.

Yeye alisema "Haya," basi.

Kesho yake nikamwita Bomba. Alipuliza siku nzima, tena ile kali, na nilimfuata nyuma kila mstari nikimwonyesha hapa umeruka. Jioni ardhi ilikuwa nyeusi kwa sisimizi waliokufa. Vile vifuko vyeupe alivyokuwa akiviacha Fundi vilikuwa vimelowa dawa vyote. Siku ya nne nilifungua moyo wa mhindi, kiwavi alikuwemo, mnene, mzima, kama hakuna aliyepita. Sasa wamehamia kwenye mahindi yenyewe, wanaingia kwa nywele na kutokea huku chini. Hakuna wa kuwagusa. Buibui mwenyewe simwoni.

Fundi ameondoka. Alikuja kaka yake na mkokoteni, wakapakia cherehani, sanduku na mwenye mapengo. Hakupiga kelele, hakuaga majirani. Kwenye rafu ameacha zile kadi thelathini, amezikusanya zote shambani na kuzifunga kwa uzi mwekundu. Sijui alikuwa na maana gani.

Uliniambia mambo haya hutokea. Sawa, yametokea.

Kaka yako


20 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Nawasalimu kwa mapenzi. Nimesikitika sana kwa habari za wifi, nimekaa na barua yako wiki nyingi nisijue niseme nini. Huku mvua zimekwisha na vumbi limeanza. Nimehama chumba, anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Usiandike tena kwa ile ya kazini.

Kaka, nakuomba jambo moja. Msamehe wifi. Hakukusudia. Mtu hawezi kupewa lawama ya maisha kwa sababu ya pasi. Mtumie ujumbe, mwambie yameisha, arudi nyumbani kwake. Nawe uache kulisema lile jambo la joto mbele ya watu, haisaidii.

Nimemtumia mtoto viatu. Kama vinambana aniambie.

Mdogo wako


3 Julai

Mdogo wangu,

Viatu nimevipokea ila mwenye miguu hayupo, viko juu ya kabati.

Tumevuna, kama kuvuna ndiyo huku. Mama alikaa na kapu la mahindi mapajani, akawa anafungua moja moja, na kila alilofungua alinionyesha bila kusema neno. Ningependa angesema.

Nilifanya kama ulivyoniambia. Nilimtuma mjumbe wa kikundi kwa kaka yake Fundi amwambie kuwa nimemsamehe, yameisha, arudi. Mjumbe amerudi na jibu. Fundi amemkaribisha vizuri, amempa kiti na maji, akauliza, "Amenisamehe nini?" Mjumbe akaaga.

Mama ananiambia niende mwenyewe. Siendi. Nitakwendaje mimi mwenye shamba lililokufa, nikapige magoti kwa aliyeliua? Nimesamehe, nimetuma mtu, nimetimiza wajibu wangu. Mwanaume ana mahali pa kuishia. Mama anasema mahali pangu pa kuishia ni pafupi mno, basi ndivyo tunavyoishi hapa, mimi na yeye na goti lake.

Mbona hutaki niandike kazini? Na mbona wewe, uliyezoea kunieleza mpaka rangi ya brashi, siku hizi husemi habari ya nyigu wako hata kidogo?

Kaka yako


19 Julai

Kaka,

Sianzi na salamu leo, nikianza nazo nitapata njia ya kukwepa kama nilivyokwepa tangu Machi.

Wifi alisema kweli. Walikufa kabla ya kuja.

Tarehe ishirini na moja Machi ilikuwa Jumamosi, zamu yangu ya kukaa na chumba. Mashine ya kupoza chumba ilikuwa imeanza kukoroma tangu Alhamisi na nililijua hilo. Mchana nilifunga mlango nikaenda nyumbani kulala, nilikuwa nimechoka, sina sababu nyingine ya heshima. Jumapili nilipaswa kupita asubuhi, nikafua nguo. Jumatatu nilipofungua, chumba kilikuwa kama tanuri. Mashine ilikuwa imezimika, na jua la siku mbili lilikuwa limepiga bati. Nyigu wazazi walikuwa sakafuni kama vumbi la majivu. Bosi akaweka kadi moja chini ya darubini, akanyanyuka, akasema zote zikachomwe.

Kadi zako zilikuwa humo, nilikuwa nimezifunga kwenye boksi na kuandika jina lako. Niliambiwa nizipeleke kwenye moto, nikazipeleka mpaka pale, nikazitoa thelathini. Nilijiambia labda wachache wamepona katikati ya boksi. Kaka, mimi ndiye mtaalamu, nilijua hawajapona. Lakini ulikuwa umeshasimama mbele ya watu kwa jina langu. Nikaona afadhali kadi zishindwe shambani kwako, ambako kuna jua na mvua na mambo elfu ya kulaumu, kuliko kukuandikia kwamba aliyeachiwa shule na kaka yake alikwenda kulala.

Na ile barua ya Mei. Wewe hukunitajia joto, mimi ndiye niliyekuuliza. Nilikuwa natafuta mahali pa kuliweka joto langu, nikaliweka nyumbani kwenu. Sikumtaja wifi, sikujua habari ya pasi. Lakini nilijua kila nyumba ina moto na kwamba kila moto una mwanamke karibu yake. Kisha nikakuambia umsamehe.

Kazini nilimwaga unga mwisho wa Machi. Sasa nauza dukani. Ni duka la dawa za wadudu, utacheka, au utalia. Wanaume wanakuja na jani lenye matundu wananiuliza niwape nini, nawapa chupa, na sisemi lolote kuhusu nyigu.

Mpe wifi barua hii asome mwenyewe. Usimsimulie, utaipunguza makali kwa kunionea huruma, nakujua.

Mdogo wako


9 Agosti

Mdogo wangu,

Mama mzima. Nilimsomea barua yako, alisikiliza mpaka mwisho, akaomba maji, akasema, "Wamelingana." Sikumuuliza anamaanisha nani na nani.

Kwanza nikuambie nilichofanya kabla hujakisikia kwa watu. Kwenye mkutano wa kikundi nilisimama nikaisoma barua yako yote, neno kwa neno, na lile la kulala, na lile la duka. Sikukuomba ruhusa. Fundi nilimpaka matope mahali pale, basi palepale ndipo pa kumwosha. Nilidhani Bomba atacheka, hakucheka, aliangalia kofia yake. Nilisema pia lile neno ambalo Mama alinikataza kukuandikia, sasa nalo ulijue. Siku ile ya Mei nilisema kuwa mke wangu aliua nyigu kwa wivu, kwa sababu wifi yake amesoma na yeye hakusoma. Nililirudia neno hilo, nikasema nilidanganya. Halikuwa hata uongo wako, nilijitungia mwenyewe.

Kisha nikaenda, mwenyewe, kwa miguu, na barua mfukoni.

Anakaa chumba cha mbele nyumbani kwa kaka yake, cherehani iko dirishani, mkanda mpya. Nyuma ya nyumba wana kipande kidogo cha mahindi ya kumwagilia. Mwenye mapengo alinivuta mkono kunionyesha. Mashina yamepakwa mafuta kidogo kidogo, na sisimizi wanapanda na kushuka. Nilifungua moyo wa mhindi mmoja, wa pili, wa tatu. Nilipata kiwavi mmoja tu, na alikuwa ameshashikwa na sisimizi miguu na kichwa. Mtoto akasema, "Mama anasema usiwaguse, wako kazini."

Nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nikampa barua. Alisoma mara moja kwa macho, mara ya pili akiweka kidole chini ya kila mstari, hakukwama popote, huyo niliyesema hakusoma. Nilijiandaa alie, nilijiandaa anitukane. Nilikuwa hata na maneno ya kujibu, niliyapanga njiani. Nilimwambia pia kwamba nimeisoma mbele ya kikundi. Akasema amesikia, watu walimletea habari siku ile ile, akanishukuru kwa hilo.

Akaikunja barua, akanirudishia. Akauliza, "Isingeandikwa hii, ungekuja?"

Hakuuliza kwa ukali, aliuliza kama anavyouliza mtu kifua inchi ngapi.

Mdogo wangu, nilitafuta. Nilirudi Mei, nikarudi Juni, nikarudi Julai, nikajitafuta hata siku moja niliyovaa viatu kuelekea kule nikaghairi njiani. Siku hiyo haipo. Akanisubiri muda wa kutosha, kwa adabu zote, kisha akavuta kitambaa chini ya sindano akaendelea kushona. Nilikaa pale mpaka akamaliza mkono mmoja wa shati na kuanza wa pili, ndipo nikaondoka.

Sikulaumu tena, na usidhani nasema hivyo kwa wema. Wewe uliua nyigu tu. Kabla ya barua yako ya Mei Fundi alikuwa ameshaniambia ukweli, ana kwa ana, akiwa na kadi mkononi, na nilikuwa na macho.

Ukipenda kuandika, andika kumsalimu Mama na kutupa habari zako. Ila usimwandikie wifi kuniombea. Alinipa nafasi ya kujibu kwa neno moja tu, nikalikosa.

Kaka yako